Ubobezi Haujafa, na Hobi Si Kazi ya Pili

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika, ifunguliwe kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, kuna ushauri mmoja unaorudiwa kila kona, kwenye semina za ajira, kwenye makala za magazeti na kwenye video fupi za simu: zama za mbobezi zimepita. Mashine, tunaambiwa, inajua sheria, tiba, uhasibu na uandishi wa programu kwa kiwango cha kuridhisha, hivyo aliyetumia miaka kumi kujifunza jambo moja alijichelewesha bure. Anayefaa sasa ni mwenye kidogo cha kila kitu. Wala ushauri huo hauishii ofisini. Unamfuata mtu hadi nyumbani: picha unazopiga mwishoni mwa wiki ziingize kwenye wasifu wako wa kazi, ufumaji unaokupumzisha jioni utafutie wateja, lugha unayojifunza kwa kupenda tu itafutie cheti. Hobi zikiwa nyingi, eti, ndipo unapokuwa salama kazini.

Nadhani ushauri huu umekosea mara mbili. Umekosea kuhusu kazi, kwa sababu akili mnemba inaongeza thamani ya ubobezi wa kweli. Inachoshusha ni thamani ya ujuzi wa juujuu. Umekosea pia kuhusu hobi, kwa sababu unaibebesha mzigo wa kutafuta riziki, na ikishabebeshwa mzigo huo haibaki kuwa hobi. Msimamo wangu ni kwamba mtu abobee kazini bila kuona haya, halafu awe na mambo mengine anayoyapenda ambayo kazi haina haki ya kuyadai chochote. Uwiano kati ya pande hizo mbili haupatikani kwa kuhesabu saa. Unapatikana kwa kutazama kila upande unamtaka mtu atumie nini: macho au mikono, upweke au watu, usahihi au uhuru wa kukosea.

Mjadala wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1776, katika kitabu chake The Wealth of Nations, mchumi wa Uskoti Adam Smith alieleza karakana ndogo ya pini aliyoiona, yenye watu 10 waliogawana hatua za kazi: mmoja anavuta waya, mwingine anaunyoosha, wa tatu anaukata, wa nne anachonga ncha. Kwa pamoja waliweza kutoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku, ilhali kila mmoja akijitegemea, bila kuzoezwa kazi hiyo, asingefikisha hata 20. Mfano huo umenukuliwa hadi ukachujuka. Kinachonukuliwa kwa nadra ni kwamba katika kitabu hichohicho, mbele sana, Smith anaonya kuwa mtu anayemaliza maisha yake akirudia vitendo vichache vyepesi hukosa nafasi ya kuitumia akili, na mwisho hudumaa kwa ujinga. Mtetezi mkuu wa mgawanyo wa kazi aliiona gharama yake mapema kuliko wengi wa wakosoaji wake. Hakupendekeza mgawanyo uvunjwe. Alitaka umma ugharimie elimu ya watu wa kawaida ili kazi isiwamalize. Nalitaja hili kwa sababu tangu siku hiyo swali halijabadilika sana: tufaidi vipi ubobezi bila kuacha umle mtu mzima mzima?

Na ubobezi umezidi kuwa mwembamba, si kwa sababu watu wamependa wembamba, ila kwa sababu maarifa yamekuwa mengi. Mchumi wa Marekani Benjamin Jones, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, aliuita huu mzigo wa maarifa: kadiri kinachopaswa kujulikana kinavyoongezeka, wavumbuzi wanachelewa zaidi kufikia uvumbuzi wao wa kwanza, kila mmoja anashika eneo dogo zaidi, na timu zinakuwa kubwa. Katika tiba ushahidi ni wa kutisha zaidi kwa sababu unahesabiwa kwa vifo. Mwaka 1979 Harold Luft na wenzake walionyesha kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba kwa aina fulani za upasuaji mgumu, ukiwemo wa moyo, hospitali zilizofanya upasuaji huo mara 200 au zaidi kwa mwaka zilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 hadi 41 kuliko zilizoufanya mara chache. Ukiwa wewe ndiye unayesukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, hutauliza kama daktari wako ana vipaji vingi.

Sasa imekuja mashine inayompa mtu yeyote uwezo wa wastani katika fani ambayo hakuisomea. Mwanasheria anaweza kuagiza programu ndogo ya kompyuta akaipata. Mhandisi anaweza kuandikiwa rasimu ya mkataba. Hapo ndipo watu wanaporuka na kusema upana ndio mtaji. Lakini kitu kikishapatikana kwa kila mtu, bei yake hushuka. Uwezo wa wastani katika fani kumi ulikuwa adimu mwaka 2015. Leo umo kwenye simu. Kilichobaki adimu ni jicho la kuona kwamba rasimu ile ya mkataba, iliyoandikwa kwa lugha safi na kwa kujiamini, ina kifungu kitakachomgharimu mteja baadaye. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha hoja iliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Wengi waliicheka habari ile kama kisa cha mawakili wavivu. Mimi naona funzo lake liko pengine: wakili aliyefanya utafiti ule alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 30, ila shauri lenyewe, la abiria wa ndege chini ya mkataba wa kimataifa kwenye mahakama ya shirikisho, lilikuwa nje ya eneo alilolizoea. Ndani ya eneo lake pengine angeshtuka kwa kusoma tu majina ya kesi. Nje yake alikuwa kama msomaji yeyote, anayeamini kinachosomeka vizuri.

Ipo hoja nzito upande wa pili, na siyo haki kuipita. Gazeti la The New York Times la 2 Julai 1978 ndilo la mwisho kupangwa herufi kwa mashine za Linotype, zilizokuwa zikimimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa kuwa mistari ya maandishi. Baada ya hapo kompyuta ikashika kazi. Waendesha mashine wale walikuwa mabingwa halisi, waliojifunza ufundi wao kwa miaka, na ubingwa huo ukakosa soko. Anayesema ubobezi ni kamari ana watu hawa wa kuwatolea ushahidi, na leo anaweza kuongeza wengine, kuanzia wafasiri wa maandishi mepesi hadi wachoraji wa vielelezo vya matangazo. Jibu langu ni kwamba kuna kubobea katika chombo na kuna kubobea katika tatizo. Mpangaji herufi aliyejua kubonyeza vitufe vya Linotype pekee aliondoka nayo. Aliyejua kwa nini ukurasa mmoja unasomeka na mwingine unachosha macho, nafasi kati ya mistari iwe kiasi gani, safu iwe na upana gani, huyo alikuwa na kitu cha kwenda nacho kwenye kompyuta. Kwa hiyo hofu ya kupitwa na wakati inamtaka mtu achague vizuri anabobea katika nini. Haimtaki aache kubobea.

Wapenzi wa upana hukimbilia majina makubwa, na Leonardo da Vinci hakosi kwenye orodha. Mimi ningependa wamtazame Thomas Young, Mwingereza aliyeishi kati ya 1773 na 1829. Kazi yake ilikuwa udaktari. Pembeni ya udaktari alifanya majaribio yaliyoipa nguvu nadharia kwamba mwanga husafiri kwa mawimbi, akachunguza jinsi jicho linavyoona rangi, na akajitosa kwenye maandishi ya kale ya Misri yaliyochongwa kwenye Jiwe la Rosetta. Hakuwa mbabaishaji, alitambua kwamba majina ya wafalme wa kigeni yaliandikwa kwa alama za sauti, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini aliyeyafumbua maandishi yale, mwaka 1822, ni Mfaransa Jean-François Champollion, aliyekuwa amejizamisha tangu ujana katika Kikopti, lugha iliyotokana na Kimisri cha kale, na katika mambo ya Misri hiyo. Young alifika mlangoni kwa kipaji. Champollion aliingia kwa sababu alikuwa ameishi na lugha ile kwa miaka. Bado, sioni sababu ya kumsikitikia Young. Wamisri hawakuwa ajira yake. Alichokipata kwao ni miaka ya kushughulisha akili yake na fumbo zuri, na ukisoma maisha yake kwa jicho hilo huoni kushindwa popote.

Tukikubaliana hivyo kuhusu kazi, zinabaki hobi, na hapa kuna kambi mbili zinazogombana huku zikiwa na kosa moja.

Kambi ya kwanza inasema hobi ni wizi wa muda. Mshika mbili, moja humponyoka. Kila jioni unayoitumia kwenye gitaa ni jioni ambayo mshindani wako anaitumia kwenye fani yake. Kambi hii hujikinga na ile namba maarufu ya saa 10,000 za mazoezi zinazosemekana kumfanya mtu bingwa, ambayo mwandishi Malcolm Gladwell aliieneza duniani mwaka 2008. Namba hiyo ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 wa Anders Ericsson na wenzake kuhusu wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin, na ilikuwa wastani tu wa kundi la wanafunzi bora walipofika miaka 20. Wanaoinukuu hawafiki kurasa nyingine za utafiti uleule. Humo imeandikwa kwamba mazoezi ya kina, yale ya kurekebisha udhaifu wako kwa umakini wote, hayawezi kuendelea kwa zaidi ya saa nne hivi kwa siku bila mtu kuchoka na kuharibu; na kwamba wapiga fidla wa makundi ya juu walilala zaidi ya wenzao, pamoja na usingizi wa mchana. Ukilichukua hilo kwa uzito, hesabu ya kambi ya kwanza inavunjika. Saa zinazojenga ubobezi zina kikomo kwa siku, na kikomo hicho kiko chini sana ya saa tunazokaa ofisini. Saa ya tisa na ya kumi mezani huwa za barua pepe na kusogeza viti. Gitaa halijaiba kitu hapo.

Nakiri kwamba hoja yao haijafa yote. Ziko hobi zinazomla mtu, zinazomwamsha alfajiri na kumrudisha kazini akiwa mabaki, na kuna vipindi vya maisha ya kazi, kama miaka ya mafunzo ya daktari bingwa au mwanzo wa biashara, ambapo jambo lolote la pembeni litapungua tu. Hilo si janga. Janga ni pale kipindi kinapogeuka tabia, na mtu anaendelea kusema mwaka ujao kwa miaka kumi na tano.

Kambi ya pili ndiyo yenye mashabiki leo, nayo ndiyo dhaifu zaidi. Inasema hobi ni uwekezaji: muziki utakufanya mhandisi bora, sataranji itanoa mikakati yako ya biashara, uchoraji utakupa ubunifu wa kuuza. Ushahidi wake mkubwa ni utafiti wa Robert Root-Bernstein na wenzake wa mwaka 2008, uliogundua kwamba wanasayansi waliopata Tuzo ya Nobel walikuwa na uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kuwa na hobi za sanaa na kazi za mikono kuliko wanasayansi wa kawaida. Kisha yanafuata majina: Einstein na fidla, Feynman na ngoma ndogo za mkono ziitwazo bongo, Barbara McClintock na banjo. Ni habari inayopendeza, na sina sababu ya kuitilia shaka namba yenyewe. Shaka yangu iko kwenye kinachotolewa humo. Aliyefika Nobel kwa kawaida alikuwa na nguvu nyingi kuliko wengine, udadisi mwingi, mara nyingi malezi yenye vitabu na vyombo vya muziki, na wadhifa unaomwachia muda. Vitu hivyohivyo huzaa fidla na huzaa tuzo. Kusema fidla ilizaa tuzo ni hatua ambayo utafiti wenyewe haukuipiga.

Tunapojaribu kupima moja kwa moja kama ujuzi wa jambo moja unahamia kwenye jambo la mbali, majibu yamekuwa ya kukatisha tamaa kwa zaidi ya karne. Edward Thorndike na Robert Woodworth walionyesha mwaka 1901 kwamba mazoezi ya kazi moja ya akili husaidia kazi nyingine pale tu zinaposhirikiana vipengele. Katika miaka ya karibuni Giovanni Sala na Fernand Gobet wamepitia tafiti nyingi za sataranji na muziki kwa watoto, na wakakuta kwamba kadiri utafiti ulivyofanywa kwa umakini, ndivyo faida kwenye masomo mengine ilivyokaribia sifuri. Sataranji inakufanya uwe mzuri kwenye sataranji. Kwa mpenda sataranji hiyo inatosha kabisa, na sielewi kwa nini tunaona aibu kuishia hapo.

Kuna madhara pia. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti kizuri chenye utepe wakichora. Wiki chache baadaye, vyeti vikiwa vimekwisha, watoto waliochora kwa ahadi walitumia takriban nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora kwa hiari. Malipo yalikuwa yamewafundisha kwamba kuchora ni kazi. Mtu mzima anayefungulia ukurasa wa biashara kila anachokipenda anajifanyia jaribio hilohilo, ila yeye hana mtafiti wa kumwambia matokeo. Nimewahi kukaa kwenye jopo la usaili ambako kila mwombaji aliulizwa hobi zake, na kila jibu lilikuwa limekaririwa: kusoma, kujitolea, kukimbia mbio ndefu. Hakuna aliyesema anapenda kutengeneza redio mbovu ambazo mara nyingi hazitengenezeki. Huyo ndiye ningependa kuzungumza naye.

Kosa la kambi zote mbili ni moja: zote zinaipima hobi kwa faida ya kazi, moja ikiona hasara na nyingine ikiona faida. Tukiiondoa rula hiyo, tunaanza kuona hobi inafanya nini hasa. Wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mwaka 2007 mambo manne yanayomrejesha mtu baada ya kazi: kujitenga na kazi kimawazo, kupumzika, kujifunza kitu kinachompa changamoto, na kuwa na mamlaka juu ya muda wake. Kulala kwenye kochi ukitazama simu hutoa pengine la pili tu. Hobi nzuri hutoa matatu au yote. Na kuna kipande kingine ambacho kwangu ndicho kiini cha suala zima la uwiano. Watafiti wakiongozwa na Ciara Kelly wa Chuo Kikuu cha Sheffield waliwafuatilia watu wenye hobi kwa miezi kadhaa, wakakuta kwamba aliyeongeza muda kwenye hobi aliyoichukulia kwa uzito alizidi kujiamini kazini kama hobi hiyo haikufanana na kazi yake. Kama vilifanana, na mtu aliichukulia hobi kwa uzito, muda wa ziada ulikwenda na kupungua kwa kujiamini. Mwandishi wa programu anayeandika programu nyingine usiku kucha kwa mapenzi anatumia mtungi uleule uliokwisha mchana.

Hapo tunapata maana ya hobi anuwai inayoshinda ile ya kuhesabu hobi. Mtu mwenye hobi tano zote za kukaa peke yake mbele ya skrini ana aina moja. Mwenye mbili, kuimba kwaya na useremala, ana upana mkubwa: moja inamtaka awasikilize watu, nyingine inamtaka akae kimya na mbao isiyosikia maelezo. Swali la kujiuliza ni kazi yangu inaacha nini bila kutumika. Mwalimu anayezungumza siku nzima anaweza kuhitaji kitu cha kimya. Mhasibu asiyeruhusiwa kukosea hata senti anaweza kuhitaji kitu ambacho makosa hayana gharama, kama kuchora vibaya. Naam, vibaya. Haki ya kubaki wa kawaida kwenye jambo unalolipenda ndiyo sehemu ya hobi tunayoipoteza kwa kasi, maana simu sasa zinahesabu hatua, siku mfululizo, maneno yaliyokaririwa, na kukuonyesha nafasi yako kati ya marafiki. Mbobezi anayepimwa mchana kutwa anarudi nyumbani kupimwa tena. Iko na haki ya kuacha: hobi iliyokushiba uiweke chini, uirudie baada ya miaka au usiirudie, bila kumwandikia mtu barua ya kujieleza.

Mwanakemia Alexander Borodin aliitumia haki hiyo kwa ukamilifu. Alikuwa profesa wa kemia mjini St. Petersburg, na muziki aliutunga pale kazi ilipomwachia nafasi, au alipougua na kushindwa kwenda maabara. Opera aliyoianza mwaka 1869 ilikuwa bado haijakamilika alipofariki mwaka 1887. Rafiki zake ndio walioimalizia. Sitaki kudai kwamba kemia yake ilinufaika na muziki. Sijui kwa nini ingelazimika kunufaika. Kwetu sisi wa Kiswahili, Shaaban Robert aliandika mashairi kwa miaka mingi huku akiwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, na hakuna anayeuliza kama mashairi yalimfanya ahesabu ushuru vizuri zaidi.

Charles Darwin, mwanasayansi wa mageuko ya viumbe, ni mfano wa upande wa pili. Katika kumbukumbu alizoandika mwaka 1876 anasimulia kwamba ujanani alipenda mashairi na muziki, lakini baadaye alivipoteza vyote kiasi cha kushindwa kuvumilia hata mstari mmoja wa ushairi. Akili yake, alisema, ilikuwa kama mashine ya kusaga sheria za jumla kutoka kwenye rundo la ukweli. Angepata maisha ya pili, angejiwekea kanuni ya kusoma mashairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa wiki. Huyu si mtu aliyeshindwa kazini. Alijuta akiwa kileleni mwa umaarufu, na hakusema kwamba mashairi yangemsaidia kuielewa mageuko ya viumbe zaidi. Alisema kuyapoteza ni kupoteza furaha.

Kuna pingamizi moja ambalo naliheshimu kuliko yote niliyotaja: kwamba haya ni mazungumzo ya wenye nafasi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa. Mwanamke anayetoka zamu ya ofisini na kuingia zamu ya jikoni hahitaji makala ya kumwambia achague kati ya kwaya na useremala. Pingamizi hili ni la kweli, ila ukiliangalia vizuri halisemi kwamba hobi ni anasa. Linasema muda umegawanywa vibaya. Mara nyingi hobi ya mmoja ndani ya nyumba inasimama juu ya mgongo wa mwingine aliyebaki na watoto, na uwiano ambao hauliulizi hilo ni uwiano wa nusu ya nyumba. Wala ufukara wa muda hauwapunguzii watu hamu. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2023, uliohusisha watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika nchi 16, ulikuta wenye hobi wana dalili chache za sonona na wanaridhika zaidi na maisha. Uhusiano huo hauthibitishi chanzo, maana mwenye afya njema ndiye pia anayeweza kutoka na kushiriki. Lakini mtu anayestaafu akiwa hajawahi kuwa kitu kingine zaidi ya cheo chake anafika uzeeni mikono mitupu, na hobi haianzwi kirahisi kwa amri siku ya kuagwa.

Kwa hiyo ushauri unaofaa kuwapa vijana leo unatofautiana na ule wa semina. Chagua tatizo linalostahili miaka yako, siyo chombo, na ulijue hadi uweze kuikosoa mashine. Hobi usiziandike kwenye wasifu wa kazi kama hukuulizwa. Kwa waajiri, swali la hobi kwenye usaili lingeondolewa tu. Halipimi chochote isipokuwa maandalizi. Na mikataba isomwe. Katika kazi za teknolojia ni jambo la kawaida kukuta kifungu kinachompa mwajiri haki juu ya chochote atakachobuni mfanyakazi, hata usiku nyumbani kwake. Jimbo la California limeweka mpaka kisheria: kilichobuniwa kwa muda wa mtu mwenyewe, bila vifaa wala siri za mwajiri, na kisichohusiana na biashara ya mwajiri, ni cha mtu mwenyewe. Ufaransa nayo, tangu 1 Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 50 kujadiliana nao kuhusu haki ya kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa zake. Sheria hiyo haikutaja saa ya kuzima simu. Imeyaacha hayo kwenye meza ya mazungumzo. Mezani hapo, mwenye ujuzi ambao haupatikani kwa urahisi ndiye anayesikilizwa zaidi, na hapa ndipo ubobezi na hobi zinapokutana kwa namna ambayo wauza ushauri hawaitaji: ubobezi unampa mtu nguvu ya kudai jioni zake, ila wengi wenye nguvu hiyo hadi sasa wameitumia kudai nyongeza ya mshahara peke yake.